Shajara ya mradi: macho ya mizabibu yasiyotaka kuchipua, Bahati, Nakuru

Juni 7

Ninaanza kuandika shajara hii baada ya misimu miwili ya kubahatisha. Shamba letu liko Bahati, kaskazini mwa jiji la Nakuru, na lina mizabibu 24 ya zabibu nyeusi za mezani, iliyopandwa katika safu tatu za mizabibu minane minane. Mizabibu hiyo haipukutishi majani wala kupumzika kama ile ya Ulaya. Huendelea kuwa na majani mwaka mzima, mabichi kwa makavu, na hilo ndilo lililonidanganya mwanzoni nikaamini kwamba ina afya tele. Nikipogoa tawi na kuliachia macho manane, huchipua macho mawili ya nchani, pengine moja tu, na yale ya chini hubaki yamefumba kama ya mtoto anayejifanya amelala ili asitumwe dukani. Kwa kuwa vishada hutoka kwenye vichipukizi vipya, jicho lisilochipua ni kishada kilichopotea, na tawi lenye macho sita yaliyofumba ni sehemu kubwa ya mavuno iliyobaki ndani ya mti.

Jibu ninalopewa na kila ninayemuuliza ni kwamba Nakuru haina baridi ya kutosha. Jibu hilo lina ukweli. Mizabibu ya jamii ya Vitis vinifera ilizoea nchi zenye majira ya baridi, na katika nchi hizo jicho linaloingia katika usingizi mzito wakati wa vuli hulazimika kupitia saa nyingi za baridi, kwa kawaida ikihesabiwa ile iliyo chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, ndipo liwe tayari kuamka. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta lakini juu mlimani, kipimajoto changu kimeshuka hadi nyuzi 9 alfajiri mbili tatu mwaka huu, kisha adhuhuri kikapanda hadi 24. Urefu wa mchana nao haubadiliki wa kutajika. Mti haupati habari ya wazi ya kuulaza wala ya kuuamsha.

Hata hivyo, kama kisa kingekuwa baridi pekee, macho ya nchani nayo yangelala. Yako kwenye tawi lilelile, yamepigwa na alfajiri zilezile. Kwa hiyo swali la mradi huu ni moja: je, macho ya chini yamelala yenyewe, au yamezuiwa na kitu kilicho nje yao?

Juni 14

Swali hilo lina njia ya kulijaribu ambayo ni ya kale na rahisi. Mwaka 1987 Gregory Lang na wenzake walipendekeza kwamba hali ya bwete ya macho ya mimea igawanywe katika aina tatu kulingana na mahali kilipo kizuizi. Ya kwanza ni pale jicho linapozuiwa na sehemu nyingine ya mmea huohuo, kama ncha inayokua au majani. Ya pili ni pale kizuizi kilipo ndani ya jicho lenyewe. Ya tatu ni pale jicho liko tayari lakini mazingira hayaruhusu, kwa mfano ukame au baridi kali. Nitaziita usingizi wa kuzuiwa, usingizi wa ndani na usingizi wa kungoja, maana majina ya kitaalamu yanachosha ulimi.

Ukilikata jicho kutoka kwa ndugu zake, ukaliweka peke yake katika maji na joto zuri, usingizi wa kuzuiwa huisha siku hiyohiyo, kwa sababu mzuiaji ameondolewa. Likichipua upesi, basi lilikuwa limezuiwa. Likikaa majuma bila kuchipua ingawa li hai, kizuizi kimo ndani yake.

Leo nimekata matawi yaliyokomaa, yale ambayo gome lake limekwisha kuwa la kahawia, nikapata vipande 30 vyenye jicho mojamoja, vyote kutoka sehemu ya chini ya matawi. Nimekata pia matawi matano marefu yenye macho manane. Vyote vimesimamishwa katika vipande vya sponji vinavyoelea kwenye beseni, juu ya rafu ya jikoni ambako joto halishuki chini ya nyuzi 20 kwa sababu ya jiko la makaa. Maji ni ya mvua, kutoka kwenye tangi. Ya kisima nimeyaepuka, kwani maji ya ardhini ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na sitaki baadaye nishindwe kujua kama kilichotokea ni kazi ya homoni au ya maji. Nitabadilisha maji kila baada ya siku mbili.

Juni 23

Hakuna lolote, isipokuwa harufu ya maji yaliyochacha siku niliyosahau kuyabadilisha. Mwenye jikoni amelalamika, na ana haki.

Julai 12

Siku ya 28. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili pamoja na binti yangu, ambaye anasomea kilimo na hana huruma na hesabu za baba yake.

Kati ya vipande 30 vya jicho moja, 21 vimechipua hadi jani la kijani kuonekana. Kati ya matawi matano marefu, lililochipua ni jicho la nchani katika yote matano, na la pili kutoka nchani katika matatu. Macho ya chini hayakutikisika. Macho ya chini ni yaleyale, tofauti ni kuwa na ndugu juu yake au kutokuwa naye. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tatizo letu ni usingizi wa kuzuiwa.

Hapa ndipo homoni zinapoingia, na afadhali nieleze sasa ili maingizo yajayo yasinilazimu kurudia. Ncha inayokua, pamoja na majani yake machanga, hutengeneza oksini, na oksini hiyo husafirishwa kuelekea chini ndani ya tawi. Kenneth Thimann na Folke Skoog walionyesha katika miaka ya 1930 kwamba ukiikata ncha ya mmea, kisha ukapaka oksini mahali ilipokuwa, macho ya pembeni huendelea kuzuiwa kana kwamba ncha ingalipo. Jambo la ajabu ni kwamba oksini ile haiingii ndani ya jicho inalolizuia. Hupita tu kwenye tawi kama maji ya mto yanayopita mbele ya mlango wa kijito: mto ukijaa, kijito hakiwezi kumwaga maji yake, na jicho lisiloweza kutoa oksini yake haliwezi kuunganisha mirija yake na ya tawi. Zaidi ya hayo, oksini hupunguza utengenezaji wa sitokinini ndani ya tawi, nayo sitokinini ndiyo inayosukuma seli za jicho zigawanyike. Utafiti wa karibuni zaidi, uliofanywa kwa njegere mwaka 2014, uliongeza kwamba ncha huwahi pia kuinyakua sukari, na kwamba jicho la pembeni huanza kukua sukari inapolifikia, hata kabla oksini haijapungua karibu nalo. Kwa mkulima hilo lina maana kubwa: ncha huzuia kwa homoni na vilevile kwa kumaliza chakula mezani.

Zimebaki hesabu za vile vipande tisa visivyochipua. Nilikuwa tayari kuandika kwamba viko katika usingizi wa ndani. Binti yangu akaomba wembe. Jicho la mzabibu si kichipukizi kimoja. Chini ya magamba na manyoya yake kuna kichipukizi kikuu katikati, na viwili vya akiba ubavuni. Tulipoyapasua macho yale tisa kwa urefu, katika matano kichipukizi kikuu kilikuwa kahawia na kikavu. Kimekufa. Kufa kwa kichipukizi kikuu kunajulikana katika mizabibu inayokua kwa nguvu kupita kiasi, yenye kivuli kingi na jiberelini nyingi, yaani homoni inayorefusha matawi, na hayo yote ni maelezo ya mizabibu yangu, niliyoilisha samadi ya ng'ombe bila kipimo. Kwa misimu miwili nimekuwa nikitafuta dawa ya kuamsha wafu.

Macho manne yaliyobaki yalikuwa mabichi, ya kijani ndani, hai kabisa. Hayo ndiyo yaliyolala usingizi wa ndani, na ni machache kuliko nilivyodhani.

Julai 13

Nimeanza beseni la pili, safari hii kwa vipande 80 vya jicho mojamoja katika makundi manne ya 20. La kwanza ni maji matupu. La pili limepakwa jiberelini, la tatu kitunguu saumu kilichosagwa, la nne maji ya dafu.

Jiberelini imeingia kwa shinikizo la jirani, mzee aliyelima mbegu za viazi huko Molo kwa miaka mingi. Alipoona beseni langu alicheka, akasema, "Mwalimu, wewe unabembeleza. Viazi vikilala sisi tunaviamsha kwa unga huu siku chache tu." Ameniachia kidogo cha unga huo. Katika viazi anasema kweli. Jiberelini huvunja usingizi wa viazi vya mbegu na huchochea mbegu nyingi kuota. Lakini Robert Weaver wa Davis, California, alichapisha mwaka 1959 kwamba jiberelini iliyonyunyiziwa mizabibu iliongeza muda wa usingizi wa macho yake, na ninamheshimu mzee vya kutosha kutompinga kwa maneno. Mezani pataamua.

Kitunguu saumu si mzaha. Wakulima wa zabibu wa Japani walikuwa wakikisugua kwenye majeraha ya kupogoa, na Kubota na wenzake wa Okayama walilichunguza jambo hilo na kulithibitisha katika maandishi ya 1992. Viini vinavyofanya kazi ni misombo tete ya salfa, ile inayotoa harufu kali, hasa daialili disalfidi. Nimeponda punje kwa kinu na kupaka uji wake juu ya sehemu iliyokatwa, mara tu baada ya kukata. Maji ya dafu, yaliyonunuliwa sokoni mjini kwa bei inayoonyesha umbali wake kutoka Mombasa, yamo kwa sababu yana sitokinini za asili, na tangu miaka ya 1940 yametumika kukuza tishu za mimea katika chupa.

Kipo kitu ambacho hakimo katika beseni: haidrojeni sianamidi. Ndiyo dawa ambayo wakulima wa nchi za joto, kuanzia Maharashtra nchini India hadi bonde la mto São Francisco huko Brazili, wameitegemea kuamsha macho baada ya kupogoa. Inafanya kazi vizuri. Lakini ni sumu kwa ngozi na macho, na aliyeivuta au kuigusa, kisha akanywa pombe, hupatwa na ugonjwa wa ghafla, kwa kuwa huzuia kimeng'enya cha mwilini kinachosafisha mabaki ya pombe. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliamua kutoiingiza katika orodha yake ya dawa zilizokubaliwa. Ninaowaajiri siku za kupogoa ni vijana wa hapa, na sitawachunguza vikombe vyao jioni.

Julai 21

Jioni ya leo shemeji yangu kutoka Siaya alipita, na mazungumzo yakaangukia kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama huko Nyanza na Magharibi, ambalo Waluhya huliita oluyongo. Nilimweleza jambo ambalo hakuliamini mara moja. Mbegu ya kayongo inaweza kukaa udongoni miaka mingi ikiwa imelala, na huamshwa na kemikali inayovuja kutoka kwenye mzizi wa mahindi wenyewe. Kemikali ya kwanza ya jamii hiyo, strigoli, ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba, na jamii nzima ikaitwa strigolaktoni kwa jina la gugu hilo. Kwa muda mrefu watu walijiuliza kwa nini mmea ujisaliti kwa adui. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba kemikali hizo huuita ukuvu rafiki wa mizizi, unaousaidia mmea kupata fosforasi. Kayongo lilijifunza tu kusikiliza mwito usiokuwa wake. Kisha mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti yakaonyesha kwamba strigolaktoni ni homoni ndani ya mmea, na kwamba kazi yake mojawapo ni kuzuia macho ya pembeni yasichipue. Njegere na mpunga usioweza kuitengeneza hujaa matawi kama kichaka.

Kwa hiyo kemikali ileile inayoamsha mbegu ya kayongo kwa shemeji hulaza macho ya matawi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama hilo litapunguza palizi. Hapana. Lakini nilimweleza pia kuhusu desimodiamu inayopandwa katikati ya mahindi, mbinu iliyoendelezwa huko Mbita, ambayo mizizi yake huiamsha mbegu ya kayongo na kuiacha ife bila kupata pa kushika. Hiyo aliijua vizuri kuniliko, na anayo shambani.

Agosti 10

Siku ya 28 ya beseni la pili. Maji matupu: vipande 14 kati ya 20 vimechipua, vitano vikiwa vimechipua ndani ya siku 14 za kwanza. Maji ya dafu: 14, sita vikiwa ndani ya siku 14, yaani hakuna tofauti ninayoweza kuapia. Kitunguu saumu: 16, lakini 13 vilikuwa vimefunguka kufikia siku ya 14. Jiberelini: tisa tu, na ndani ya siku 14 kilikuwa kimoja.

Mzee wa Molo aliletwa kuona. Aliyageuza yale ya jiberelini mkononi, akaona vichipukizi vilivyofunguka vimekuwa virefu na vyembamba kama mche uliokua ndani ya pipa, akasema, "Basi si dawa ya kila kitu." Hakuna haja ya kumcheka. Homoni ileile hutoa amri tofauti kwa mmea tofauti, na hata kwa mmea mmoja kwa nyakati tofauti. Kundi la Etti Or wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Volcani nchini Israeli, ambalo limelifanyia kazi jicho la mzabibu kwa miaka mingi, limeonyesha kwamba jiberelini inayotolewa mapema huzuia jicho kufunguka, ilhali baadaye, jicho likishaanza kufunguka, jiberelini yake yenyewe hulisaidia kurefuka. Tulibisha hodi kwa ufunguo wa saa ya baadaye.

Kuhusu kitunguu saumu, maelezo yake yanaelekea kufanana na ya sianamidi, na hapa lazima niitaje homoni ambayo kwangu ndiyo mlinzi hasa wa usingizi wa ndani: asidi absisiki. Iligunduliwa mapema miaka ya 1960 na watu wawili waliokuwa wakitafuta vitu tofauti: Frederick Addicott huko California akitafuta kinachoangusha matunda machanga ya pamba, na Philip Wareing huko Wales akitafuta kinacholaza macho ya miti. Wareing aliiita dormini, kutokana na neno la Kilatini la kulala. Ilipobainika kuwa ni kitu kimoja, jina lililoshinda ni lile la upande wa kuanguka, ingawa kwa kuangusha majani ethilini, homoni iliyo gesi, ina mkono mkubwa zaidi. Ningekuwa kwenye kikao kile ningempigia kura Wareing.

Mmea hutengeneza asidi absisiki kwa kukatakata karotenoidi, jamii ileile ya rangi inayoipa karoti unjano wake. Katika jicho la mzabibu linaloingia usingizini, kiasi cha asidi hiyo hupanda. Linapokaribia kuamka, hushuka. Hushuka kwa sababu kimeng'enya maalumu huivunja na kuigeuza kuwa asidi faziiki isiyo na nguvu ile. Kundi la Volcani lilionyesha kwamba jicho likipewa sianamidi, jeni ya kimeng'enya hicho cha kuvunja huongezeka kazi. Njia yenyewe ni ya mshtuko: sianamidi huzuia katalezi, kimeng'enya kinachoondoa peroksidi ya haidrojeni, peroksidi hurundikana, upumuaji wa seli huvurugika kana kwamba jicho limekosa hewa, ethilini hupanda, na katika vurugu hiyo asidi absisiki huvunjwa. Joto la nyuzi 50 kwa saa moja huleta mtiririko unaokaribiana na huo. Salfa ya kitunguu saumu nayo ni mshtuko, japo mpole. Kwa hiyo hatulibembelezi jicho liamke. Tunalitia hofu ndogo, ya kulifanya lijione hatarini bila kuliua.

Agosti 15

Tumepogoa. Nilipanga safu ya kwanza iwe ya kulinganisha, ya pili na ya tatu ziwe za majaribio, lakini binti yangu alionyesha kwa kidole tu ile migrevilea ya mpakani inayoitia kivuli safu ya kwanza hadi saa nne asubuhi. Kwa hiyo, kabla ya kunyofoa jani lolote, tuliandika namba kwenye vikaratasi, tukavichanganya katika kofia, na mizabibu 24 ikagawanywa kwa kura katika makundi matatu ya minane.

Kundi A limepogolewa tu. Kundi B lilinyofolewa majani yote siku kumi zilizopita, kisha leo likapogolewa na matawi yake yakapindwa kama upinde na kufungwa kwenye waya wa chini, ili ncha isiwe juu ya wengine; tawi lililopindwa hugawa ukuu wake, na macho ya mgongoni mwa upinde hupata nafasi. Kundi C limefanyiwa yote ya kundi B, tena likapakwa uji wa kitunguu saumu kwenye kila jeraha na juu ya kila jicho, isipokuwa mawili ya nchani. Kila mzabibu umeachiwa matawi manne ya macho manane, yaani macho 256 kwa kila kundi.

Kuhusu maji nilisitasita. Huko Petrolina, Brazili, ambako huvuna mara mbili kwa mwaka, hupunguza maji ili kuupumzisha mzabibu kabla ya kupogoa. Nami nilisimamisha umwagiliaji majuma matatu. Lakini ukame hupandisha asidi absisiki, na kupogoa mti wenye kiu ni kuuamsha kwa mkono mmoja na kuulaza kwa mwingine. Kwa hiyo jana nilifungulia maji kutwa nzima, na usiku mvua ya Agosti ikaongeza yake.

Agosti 19

Mizabibu inalia. Kutoka kwenye majeraha ya kupogoa yanadondoka matone safi, moja baada ya jingine, hasa asubuhi. Mpita njia mmoja aliuliza kama tumeikata vibaya. Ni mizizi inayosukuma maji juu kabla hakujawa na majani ya kuyavuta, na maji hayo hayaji matupu: watafiti wa Australia walikuta sitokinini ndani ya machozi ya mzabibu katika miaka ya 1960. Ninayatazama sasa kama chakula kinachopelekwa kwenye kila mlango, uliofunguka na usiofunguka.

Mvua imefuta maandishi kwenye vibandiko sita. Kura ilikuwa imenakiliwa katika daftari, kwa hiyo hakuna kilichopotea isipokuwa nusu saa na heshima ya kalamu niliyoisifu.

Septemba 8

Kundi C limetangulia. Macho yake ya katikati yamevimba, magamba yametengana na manyoya meupe kama pamba yanaonekana. Kundi A linafanya kama kawaida yake: ncha zimekwisha kutoa majani mawili, chini kimya.

Septemba 22

Hesabu ya mwisho ya kuchipua. Kundi A, macho 71 kati ya 256. Kundi B, 122. Kundi C, 158. Ninapenda kuona kwamba hatua kubwa zaidi ni ile ya A hadi B, ambayo haikutumia dawa yoyote, ila mikono, kamba na mkasi wa kupogolea. Inakubaliana na beseni la kwanza: kilichokuwa kikiyashika macho yetu mengi ni majani na ncha. Nyongeza ya kitunguu saumu ni ya kweli lakini ni ya wale wachache wenye usingizi wa ndani, na pengine thamani yake kubwa ni kuyafanya macho yafunguke kwa wakati mmoja, jambo litakalorahisisha kupulizia dawa ya ukungu na baadaye kuvuna.

Tumepasua macho 30 yaliyobaki yamefumba katika kundi C. Katika 19 kichipukizi kikuu kimekufa. Hayo hayangeamshwa na kitunguu wala na sianamidi, na tiba yake ilipaswa kufanywa mwaka jana, kwa kupunguza samadi na kuingiza mwanga.

Oktoba 6

Vichipukizi vina urefu wa shibiri mbili, na sasa tunaona kile ambacho macho yalikuwa yameficha. Katika mzabibu, kishada na ukono wa kujishikia huanza kama kitu kimoja, uvimbe mdogo usio na uamuzi, ulioundwa ndani ya jicho msimu uliotangulia. Sitokinini ikizidi huelekea kuwa kishada. Jiberelini ikizidi huwa ukono. Mwaka 2002 Paul Boss na Mark Thomas wa Australia walieleza mzabibu mfupi uliopatikana kutoka kwa aina ya mzabibu iitwayo Pinot Meunier, ambao jeni yake iliyobadilika imeufanya usiisikie jiberelini, nao ukazaa vishada mahali ambapo mingine huota kono.

Vichipukizi vya kundi C vilivyotoka macho ya tatu hadi ya sita vina vishada viwili viwili. Vile vya macho ya chini kabisa, yaliyokuwa kivulini mwaka jana, vimefunguka vizuri na vimetoa kono tupu. Nilisimama mbele ya mzabibu namba 17 kwa muda nikivihesabu. Kesho tutaondoa majani yanayofunika macho ya chini ya vichipukizi hivi vipya, upande wa mashariki kwanza, kwa kuwa huko jua ni la asubuhi na haliunguzi. Samadi itangoja hadi baada ya mavuno, ndoo moja kwa kila mzabibu badala ya nne, na mgrevilea mmoja wa mpakani tumekubaliana na jirani kuukata matawi ya chini Jumamosi.